Wamekata katikati: maswali yenu kuhusu vipindi vya nyumba na sayansi kwenye TV

Mwezi uliopita niliuliza hapa swali dogo tu, ni kipindi gani cha TV kimewahi kukufundisha kitu ukaenda ukakifanya kwa mikono yako kikafaulu, nikidhani nitapata barua mbili tatu. Lo, simu ilijaa! Lakini wengi wenu hamkujibu swali, mmeleta mashtaka, na mashtaka yenyewe ni mamoja: vipindi vya kukarabati nyumba vimekuwa maigizo na vya sayansi vimekuwa hadithi za majini. Nimechagua barua sita, majina nimeyaficha, nyengine nimezifupisha maana kuna mtu aliandika kama anaandika hati ya shamba.

SWALI: Asalaam alaikum. Nimerithi nyumba ya mawe Mkomani kwa bibi mzaa baba. Chumba cha ndani ukuta ulikuwa unatoa unga mweupe kila siku ukifagia upo. Nikaona kwenye dikoda mtu na mkewe wamebandua ukuta mzima, wamepiga plasta, wamepaka rangi ya kijivu ikameta, kipindi kikaisha chai yangu haijapoa. Nikamwita fundi akapiga simenti ukuta mzima, siku ya tatu tukapaka rangi ya mafuta. Hiyo ilikuwa Februari. Masika yalipoingia ukuta ukafura kama andazi na sasa rangi inabanduka vipande vipande. Nimdai fundi au niidai TV? *Mjukuu, Mkomani, Lamu*

JIBU: Wa alaikumu salaam mjukuu wetu, na pole, maana bei ya simenti naijua na kuipandisha kwa punda kutoka gatini ni bei nyengine.

Kabla hujamdai mtu yeyote nenda kaugonge ule ukuta kwa kifundo cha kidole. Pale palipofura utasikia mlio wa mtungi mtupu, ko ko ko, na pale kwenye pembe ambapo plasta ya kale ya chokaa imesalia utasikia mlio mzito, mfupi. Sasa bandua kipande kimoja kilicholegea ukigeuze nyuma, utaona vitu vyeupe vyembamba kama manyoya ya paka, guza kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Basi kesi yako imekwisha hukumiwa hapo hapo.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na tumbawe ni jiwe lenye vitundu, linanyonya unyevu kutoka chini na kutoka hewa ya bahari, na ule unyevu unabeba chumvi. Plasta ya chokaa inapumua, maji yanapanda yanatoka kama mvuke, chumvi inabaki juu juu kama unga, unafagia, mwaka ukigeuka unapaka chokaa tena maisha yanaendelea. Yaani ule unga uliokuudhi ndo ulikuwa ukuta unajitibu! Wewe ukauvisha koti la mvua na homa yake, jasho halina pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya simenti, ikakua, ikasukuma, na masika yalipoongeza maji ikawa andazi.

Fundi ana makosa, alipaswa kuujua ukuta anaoupiga. Sasa TV. Nyumba uliyoiona, kama ni ya Marekani kama ninavyodhani, ukuta wake ni fremu ya mbao iliyopigiwa mabamba ya jasi, unene wa kiganja hivi, hauna tumbawe wala chumvi. Walichofanya kwao ni sawa kabisa. Ila hawakukuambia ukuta wao ni wa nini, na hapo ndo ninapowashika shati, maana zamani walikuwa wanasema. Mwaka 1979 kituo cha WGBH cha Boston kilianzisha This Old House, wakachukua nyumba moja mbovu mtaa wa Dorchester wakakaa nayo msimu mzima, wiki baada ya wiki, paa, mabomba, nyaya, madirisha, nyumba ni ileile. Seremala wao Norm Abram alikuwa seremala kweli, si mtangazaji aliyefungwa mshipi wa nyundo, akikata ubao unaelewa kwa nini ameukata pale. Kisha 1996 BBC wakatoa Changing Rooms, majirani wanabadilishana nyumba, kila mmoja anampambia mwenziwe chumba, siku mbili, pauni 500, basi. Kilipendwa mno na mimi sikatai, kinachekesha, lakini kuna siku walimtundikia mama mmoja rafu ya kuning'inia wakaipanga birika zake za chai za kale, mkusanyo wa miaka, na rafu ikaporomoka na birika zikavunjika. Haya, mwishoni mwa 2003 Wamarekani nao wakaleta Extreme Makeover: Home Edition, nyumba nzima inavunjwa na kujengwa kwa siku saba. Siku saba! Kwetu siku saba chokaa haijaiva kwenye shimo.

Ukivipanga hivyo vitatu utaona kilichopungua si akili ya watengenezaji, wale watu wana akili nyingi tu. Kilichopungua ni katikati. Wanabakisha kabla na baada, kuchafu na kusafi, na ile kazi iliyolala baina yao wanaikata maana haina machozi wala kelele. Juzi nilikaa na saa mkononi (naam, sina kazi) nikapima kipindi kimoja cha kukarabati. Kuvunja kwa nyundo huku wanacheka, dakika nne na zaidi. Mtu na mkewe kubishana kuhusu rangi ya kabati, dakika sita. Kuchanganya plasta, sekunde tisa. Kukauka, hakuna, ukuta uliomwagika maji sasa hivi baada ya tangazo la sabuni umeshapakwa rangi na umetundikwa picha. Sasa mtu kama wewe utajuaje kwamba kukauka ni kazi?

Cha kufanya: bandua simenti yote, yote, usiache kiraka kwa huruma. Kisha uuache ukuta uchi kaskazi nzima, madirisha wazi, unafagia chumvi inayotoka. Usiulize kama ni lazima. Halafu tafuta mwashi anayejua chokaa, wapo, chokaa moja mchanga tatu, na mchanga usiwe wa ufuoni wenye chumvi maana utakuwa umeirudisha adui ndani kwa mkono wako, wala usichote kwenye matuta ya Shela, yale ndo birika letu la maji tamu. Ukuta unarowekwa kwanza, plasta inapigwa tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka inafunikiwa jua na kunyunyiziwa maji siku kadhaa. Hapo wengi wanakosea, wanadhani chokaa inashika kwa kukauka. Chokaa ni tumbawe lililochomwa kwenye moto wa nyuzi 900 hivi mpaka likatoa hewa yake, likazimwa kwa maji, na ukilipiga ukutani linaanza kuivuta ile hewa tena, hewa ileile ukaa tunayoitoa puani, polepole, kwa miezi, mpaka linarudi kuwa jiwe. Ukilikausha haraka linabaki unga. Una kipindi cha sayansi kizima humo ndani mwako mjukuu wetu, bila dikoda.

SWALI: Kijana wangu ana miaka tisa, aliona kwa jirani kipindi cha wataalamu wamegundua nguva, nusu mtu nusu samaki, wana picha na sauti walizozirekodi chini ya bahari. Tangu siku hiyo hataki kuoga baharini, na mimi nikimwambia ni uongo ananiambia mama wale ni madaktari wa bahari wewe ni mshoni. *Mama Wawili, Malindi*

JIBU: Dada, hilo la mshoni limenichekesha lakini nimelisikia uchungu wake pia.

Kipindi hicho nakifahamu, kilitoka 2012 kwenye Animal Planet, chaneli ya wanyama eti, na wale madaktari wa bahari ni waigizaji. Kila kitu cha kutunga, na maneno ya kukiri hivyo yalipita haraka mtu akipiga chafya yamempita. Watu waliamini kiasi kwamba idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, NOAA, ililazimika kuandika rasmi mwaka huohuo kwamba hakuna ushahidi wowote uliowahi kupatikana wa viumbe watu-samaki. Serikali kubwa namna ile inakaa kuandika kwamba hakuna watu-samaki! Mwaka uliofuata Discovery nao, kwenye wiki yao ya papa, wakaonesha kwamba papa mkubwa wa kale anayeitwa megalodoni bado yu hai, waigizaji tena, na papa huyo ametoweka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Watazamaji walikuwa mamilioni, na hapo ndo unapojua kwa nini walifanya.

Kinachoniuma mimi si uongo peke yake. Kijana wako ni mtoto wa pwani na nguva ni neno letu, na nguva yupo. Si nusu mtu, ni mnyama mzima wa baharini, anafika mita tatu na kilo mia nne hivi, anakula majani yanayoota chini ya bahari kama ng'ombe malishoni, anapanda juu kuvuta pumzi, anazaa mtoto mmoja na kumnyonyesha, na matiti yake yako karibu na kwapa, ndo maana mabaharia wa zamani waliokuwa miezi bila kuona mwanamke walichanganyikiwa. Kwetu wamebaki wachache mno, wakionekana ni huku pande za Lamu na Kiunga, kwa sababu ya majarife wanamonasa wakafa kwa kukosa pumzi, na kwa sababu nyama yake ilipendwa. Sasa niambie kipi kitamu zaidi kukisimulia, nguva huyu anayekwisha tukiwa tunamwangalia au mwanamke wa plastiki mwenye mkia? Lakini nguva wa kweli unamsubiri wiki tatu mashuani na huenda asitokee. Mwigizaji anatokea saa mbili asubuhi kamili na chai anakunywa.

Mwambie kijana: nguva anakula majani, akikuona anakimbia. Na muulize yule daktari wa bahari alifanya kazi chuo gani na ameandika nini. Mtoto wa miaka tisa anaweza kutafuta hilo kwenye simu ya mama yake, na akilikosa atakuja kukuomba radhi mshoni wake.

SWALI: Mimi nimesomesha fizikia miaka thelathini. Naomba uniambie ukweli bila kunisitiri: vipindi vya sayansi vimeharibika kweli au ni mimi nimezeeka? *Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu*

JIBU: Vyote viwili, mwalimu wangu, na samahani kwa kile cha pili.

Tuanze na uzee. Vipindi vya zamani vyengine vilikuwa vinachosha jamani, mzee wa tai anaongea na ubao nusu saa na sauti kama ya feni. Tukumbuke pia tulikuwa tunaviona vichache vilivyo bora, vilivyovuka bahari kwa sababu ni bora, na vibovu vilibaki kwao. Siku hizi tunaletewa zizi zima. Halafu MythBusters ya 2003, kipindi cha kupima uvumi kwa majaribio, ilikuwa ya kelele na milipuko lakini mtihani wao ulikuwa mtihani kweli, wakikosea wanarudia, ningewapa alama nzuri hata wewe ungewapa.

Ila kuharibika kupo, na kuna chaneli moja ambayo habari yake inatosha. Mwaka 1972 wizara ya afya na elimu ya Marekani pamoja na NASA walianzisha matangazo ya masomo kwa satelaiti kwa ajili ya watu wa milima ya Appalachia, watu wa mbali na vyuo, kama vile sisi na visiwa vyetu. Mwaka 1980 ikaitwa The Learning Channel, chaneli ya kujifunza. Mwaka 1991 Discovery wakainunua. Baadaye jina likafupishwa likawa TLC, ile "kujifunza" ikafichwa ndani ya herufi moja, na 2000 wakaleta Trading Spaces, yaani ile Changing Rooms kwa Kimarekani, ambapo siku moja mpambaji alibandika nyasi kavu ukuta mzima wa sebule ya watu kwa gundi. Nyasi kavu! Sisi makuti tunaweka juu yazuie mvua, mwenzetu kayaweka sebuleni na watoto wadogo wamo. Kufika 2012 chaneli hiyohiyo ilikuwa inaonesha maisha ya mtoto wa mashindano ya urembo na familia yake, Here Comes Honey Boo Boo. Kutoka NASA hadi huko, miaka 40.

Na hapakuwa na njama, mwalimu, ni hesabu tu ya duka. Life on Earth ya David Attenborough, ile ya wanyama na viumbe, 1979, ilichukua kama miaka mitatu kuitengeneza, watu wanasafiri dunia kumngojea chura awateme wanawe kutoka mdomoni. Kuifuata familia inayogombana jikoni hakuhitaji miaka mitatu, hakuhitaji mwandishi wala mtaalamu, na vipindi vinatoka kama maandazi. Chaneli zikawa mamia, kila moja inagombea vidole vilivyoshika rimoti, na anayelipa ni mwenye tangazo, naye hamlipi mtu akili, anamlipa macho.

Lakini kilichokufa kwenye sayansi ni kilekile nilichomwambia mjukuu wa Mkomani, ni katikati. Siku hizi unaambiwa "wanasayansi wamegundua", muziki wa kutisha, sayari inalipuka kwa kompyuta, tangazo. Wamejuaje? Hausikii. Unakumbuka Cosmos ya Carl Sagan, ile ya anga na nyota, 1980, vipindi 13? Katika kile cha kwanza alichukua karatasi ngumu yenye ramani ya Misri, akasimamisha vijiti viwili vidogo, akaikunja karatasi mbele ya macho yako ukaona kivuli cha kijiti kimoja kinatokea na chengine hakipo, akakueleza kwamba Mgiriki Eratosthenes miaka kama 2,200 iliyopita kwa kivuli namna hiyo, nyuzi saba hivi kati ya miji miwili, alijua dunia ni mviringo na mzingo wake ni kama kilomita 40,000. Vijiti na karatasi. Ilikuwa rahisi kuliko zile sayari zao zote na hujaisahau mpaka leo.

Na hapa kwetu ni rahisi zaidi kuliko Misri maana tuko nyuzi mbili na kidogo tu kusini ya ikweta. Katikati ya Machi, na tena siku za mwisho za Septemba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wa Lamu kabisa. Simamisha fimbo wima kwenye baraza siku hiyo, Machi iwe saa sita na nusu hivi, Septemba mapema kidogo, kivuli kinaingia chini ya fimbo kinapotea. Mpigie simu mtu aliye Cairo dakika hiyohiyo yeye anacho kivuli kirefu. Waite vijana wa mtaani mwalimu. Utastaafu tena mara ya pili kwa raha.

SWALI: Basi tutazame nini? *Wawili watatu mmeuliza*

JIBU: Shamba Shape Up, kipo tangu 2012 hapahapa Kenya, wanaingia shamba la mkulima wa kweli, wanamtengenezea banda la kuku au wanamwonesha kutibu udongo, na ukitaka maelezo unatuma ujumbe wanakupa kikaratasi. Hicho ni kipindi cha kukarabati kilichobakisha katikati, japo ni cha shamba. Watoto, Ubongo Kids ya jirani zetu Tanzania, tangu 2014, katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili, nyimbo zake zitakukaa kichwani utachoka. YouTube kuna mafundi hodari sana wasio na kamera nzuri, na kuna matapeli wenye kamera nzuri sana. Kipimo changu mimi ni kimoja, kama fundi hajakosea hata mara moja mbele ya kamera nazima.

SWALI: Mimi ni kijana wa Ngomeni. Tangu mdogo naona vile vyuma vya Wataliano baharini, wazee wanasema roketi zilirushwa pale. Natazama vipindi vya anga kila siku, NASA, roketi, Florida, sijawahi kuona Ngomeni hata mara moja. Ni kweli au ni hadithi za wazee? *Kijana wa Ngomeni*

JIBU: Ni kweli mwanangu, na wazee wako wamekusimulia robo tu.

Roketi ya kwanza ya kupeleka satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, ndo hivyo vyuma vya Wataliano, ilirushwa Aprili 1967. Lakini mwenyewe ushike hii: tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri na ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama nyota kwa miale ya eksirei, na kwa sababu ya siku hiyo na kwa kuwaheshimu Wakenya wenyeji wao wakaiita Uhuru. Kiswahili, angani. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Uhuru ilihesabu vyanzo 339 vya eksirei mbinguni, na ilitazama kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ambacho baadaye kikakubalika kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi aliyeongoza sayansi yake alipata tuzo ya Nobel 2002. Satelaiti ya mwisho kurushwa hapo ilikuwa 1988, baada ya hapo kituo kikabaki cha kusikiliza na kufuatilia satelaiti, mpaka leo kinafanya kazi.

Kwa nini Ngomeni? Ukiwa karibu na ikweta dunia yenyewe inakusukuma, ardhi inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, roketi inaondoka ikiwa tayari na mwendo huo bure, na mashariki yako ni bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu. Bibi yako akichuma majani ya kisamvu asubuhi na yeye yuko kwenye mwendo huo, mwambie.

Kwa nini huioni kwenye TV, nadhani unajua. Vile vyuma vina kutu, havilipuki, hakuna mtu mwenye suti ya anga wa kumhoji. Lakini wapo wazee waliobeba vitu kwenye mashua, waliopika, waliolinda, waliosikia ule mngurumo na mbuzi wakakata kamba. Wewe una simu yenye kamera. Muda wa wale wazee si mrefu, sitaki kusema zaidi ya hapo. Rekodi, wacha waseme kirefu, usikate, ukipata hata dakika ishirini niletee nizisikie.

SWALI: Mume wangu ametazama vile vipindi vya Marekani mpaka anataka kuvunja ukuta baina ya msana (chumba kirefu cha mbele) na chumba cha ndani ili iwe ukumbi mmoja mkubwa wenye jiko katikati. Ameshanunua nyundo. Nyumba ni ya mawe, ya zamani, ghorofa moja juu. *Bi Harusi, Shela, Lamu*

JIBU: Mwanangu, mfiche hiyo nyundo leo, kisha umsomee haya wakati ameshiba.

Kwenye TV ukuta wanaouvunja mara nyingi ni pazia tu la mbao na jasi, na ule usio pazia wanaweka mhimili wa chuma ambao huonyeshwi unavyokokotolewa. Chumba chenu kina upana wa mita mbili na nusu, tuseme tatu, si kwa sababu babu alikuwa bahili, ni kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo na mzigo juu yake. Ncha moja ya kila boriti imelala kwenye ukuta wa nje na ncha ya pili imelala kwenye huo anaotaka kuuvunja, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa ya sakafu ya ghorofani, tani kwa tani. Akiutoa, ghorofa inashuka kumsalimia. Kama nyumba imo kwenye mji wa kale anahitaji pia ruhusa ya watu wa Makumbusho kabla ya kugusa chochote, mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na wana haki ya kuuliza.

Kama ni joto na giza linalomsumbua, hiyo ni shida ya kweli, aanze na kufungua madirisha yaliyozibwa kiwandani, yaani uani, nyumba nyingi mtaani kwenu zimezibwa ili kuweka tangi. Jiko lihame karibu na kiwanda. Na kabla ya yote panda ngazi na tochi unipigie picha ncha za boriti, pale hasa zinapoingia ukutani, kuanzia upande wa choo, nataka kuona mchwa wamefika wapi.